Mwaka wa fedha ukibadilika, kompyuta yako itasema ukweli?

Wadau, leo naomba tuachane kidogo na siasa na malumbano ya kila siku. Nataka kuongelea jambo ambalo wengi wataliona la mafundi wa kompyuta na wahasibu tu, lakini mimi nimeona kwa macho yangu likimtoa mtu kazini kwa tuhuma za wizi ambao haukuwepo. Na aliyesababisha ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayoandika siyo nadharia ya darasani.

Jambo lenyewe ni hili: biashara yako inatunza kumbukumbu za mauzo kwenye kompyuta, halafu siku moja wakubwa wanaamua kubadilisha mwaka wa fedha. Ulikuwa unaanza Januari, sasa unaanza Julai. Je, kumbukumbu za nyuma zinakuwaje? Ripoti uliyochapisha mwaka juzi itafanana na utakayochapisha leo?

Twende taratibu.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2012 nilimtengenezea mzee mmoja mfanyabiashara wa jumla hapa Dar programu ya kutunza mauzo na stoo. Sitamtaja jina, wala duka. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza, na nilijiona mjanja kweli. Kila muuzaji akiandika ankara, programu inahifadhi tarehe, mteja, bidhaa, kiasi, na juu yake inaweka mambo mawili: mwaka wa fedha na robo ya mwaka. Ankara ya tarehe 14 Agosti 2015, kwa mfano, ilikuwa inaandikwa "2015, Robo ya Tatu" humo humo kwenye mstari wake. Nilifanya hivyo ili ripoti zitoke haraka. Mzee akibonyeza tu, jumla ya robo hiyo hapo.

Miaka minne mambo shwari. Mwaka 2016 mzee akapata mbia ambaye kampuni yake inafunga mahesabu tarehe 30 Juni. Wakakubaliana duka nalo lifunge Juni, ili mahesabu ya pande zote mbili yaendane. Mzee akanipigia simu: "Kijana, sisi sasa tunaanza mwaka Julai. Rekebisha hiyo programu yako." Nikasema mzee, hiyo kazi ya nusu saa.

Na kweli nilitumia nusu saa. Nikaandika amri moja: pita mistari yote, Julai hadi Septemba iwe Robo ya Kwanza, Januari hadi Machi iwe Robo ya Tatu, na mwaka uitwe kwa ule unaomalizikia. Nikaibonyeza, nikachukua hela yangu, nikaenda zangu mkoani kwenye kazi nyingine.

Wiki chache baadaye mzee akaomba mkopo benki. Benki wakataka takwimu za miaka ya nyuma. Mzee alikuwa na faili lake la ripoti alizokuwa akichapisha kila robo. Kwenye faili, Robo ya Tatu ya 2015 inasema mauzo shilingi milioni 412. Akafungua kompyuta, Robo ya Tatu ya 2015 inasema milioni 371. Milioni 41 hazionekani.

Jamani, mzee akawaka. Nani anashika mahesabu? Dada mhasibu. Nani ana nywila ya programu? Dada mhasibu. Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akaambiwa arudi na maelezo ya hela zilipokwenda. Mimi sikuwa na habari. Alinipigia baada ya wiki tatu, sauti imekauka: "Mdogo wangu, nimefanya kazi miaka 19 sijachukua hata shilingi ya mtu. Hebu niangalizie hiyo mashine yako."

Nikapanda basi. Nilipofika nikamwomba faili, nikachomoa ile ankara ya tarehe 14 Agosti 2015, nikaiuliza kompyuta iko robo ipi. Ikajibu: "2016, Robo ya Kwanza." Hapo jasho likanitoka. Hakukuwa na hela iliyopotea. Jina lile lile, "Robo ya Tatu 2015", zamani lilimaanisha Julai hadi Septemba 2015, na baada ya amri yangu likamaanisha Januari hadi Machi 2015. Januari hela watu hawana, Krismasi imepita na ada za shule zimekuja, kwa hiyo mauzo lazima yawe madogo. Mzee alikuwa analinganisha miezi mitatu na miezi mitatu mingine kabisa, akidhani ni ile ile.

Nikaenda kwa mzee, nikamwambia mzee kosa ni langu, dada hana hatia. Akarudishwa kazini. Lakini mwaka haukuisha akaondoka mwenyewe, na mimi simlaumu. Ukishaitwa mwizi mbele ya wapagazi na wateja, kurudishiwa kiti haitoshi.

KWANI MWAKA WA FEDHA UNABADILIKA MARA NGAPI?

Kuna mdau atasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hapana. Kalenda za fedha zinabadilika, na hata zisipobadilika ziko nyingi kwa wakati mmoja.

Angalia hapa hapa kwetu. Serikali ya Tanzania mwaka wake wa fedha ni tarehe 1 Julai hadi 30 Juni. Ndiyo maana kila Juni mnasikia waziri akisoma bajeti Dodoma. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema mwaka wa mapato ni wa kalenda, Januari hadi Desemba, na kampuni ikitaka tofauti lazima imwombe Kamishna wa TRA kwa maandishi. VAT nayo inahesabiwa kwa mwezi. Kwa hiyo kampuni yenye mbia wa nje inaweza kujikuta mauzo ya siku moja yanahesabiwa kwenye vipindi vitatu tofauti, na vyote ni sahihi.

Majirani je? Rwanda walikuwa wakitumia Januari hadi Desemba. Mwaka 2009 wakatengeneza bajeti fupi ya miezi sita, Januari hadi Juni, kisha wakaingia mwaka wa 2009/10 unaoanza Julai, sawa na wenzao wa Jumuiya. Ethiopia mwaka wa serikali unaanza tarehe 8 Julai, kwa sababu kwa kalenda yao hiyo ndiyo tarehe 1 ya mwezi wa Hamle. Ukiwa na programu inayodhani kila mwaka wa fedha unaanza tarehe mosi ya mwezi wa kizungu, Addis Ababa utachemsha.

Wakubwa nao yaliwakuta. Marekani, serikali kuu ilikuwa inaanza mwaka Julai. Sheria ya bajeti ya 1974 ikausogeza hadi Oktoba. Mwaka wa fedha 1976 ukaisha tarehe 30 Juni 1976, mwaka wa 1977 ukaanza tarehe 1 Oktoba 1976. Ile miezi mitatu ya katikati je? Haikuwa ya mwaka wowote. Wakaiita robo ya mpito, na mpaka leo ukisoma majedwali yao ya bajeti ya miaka mingi utaikuta imesimama peke yake katikati ya 1976 na 1977. Hawakuibandika kwa nguvu kwenye mwaka mmojawapo. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Na kuna maduka makubwa huko nje yasiyotumia miezi kabisa. Yanahesabu wiki: vipindi vya wiki nne, nne, tano. Wiki 52 ni siku 364 tu, kwa hiyo kila baada ya miaka mitano au sita wanaongeza wiki ya 53. Mwaka huo mauzo yanaonekana yamepanda, kumbe ni wiki moja imezidi.

Tena sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Wazee wetu walikuwa na mwaka wa Kiislamu kwa ajili ya funga na sikukuu, na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, unaohesabiwa makumi makumi, kwa ajili ya kilimo na uvuvi. Mpaka leo Makunduchi wanakoga mwaka. Siku ni ile ile moja, iko kwenye kalenda mbili, na hakuna mzee aliyefuta ya kwanza ili aandike ya pili. Mimi na kompyuta yangu ndiyo tulifuta.

SASA DAWA NI NINI

Baada ya aibu ile nilikaa chini nikaijenga upya. Nitaeleza kwa lugha ya kawaida, hata asiye fundi aelewe anachopaswa kudai kwa fundi wake.

1. Mstari wa mauzo ubebe tarehe tu. Mauzo yalitokea tarehe 14 Agosti 2015. Huo ni ukweli, hautabadilika hata wabia waje kumi. Lakini "Robo ya Tatu" siyo ukweli wa mauzo, ni maoni ya ofisi kuhusu tarehe ile, na ofisi hubadilisha maoni. Usiyachanganye kwenye mstari mmoja.

2. Vipindi viwe na jedwali lao. Kwenye hifadhidata (wengi tunaita databesi) tengeneza jedwali la pembeni linaloorodhesha vipindi: kalenda gani, mwaka unaitwaje, kipindi gani, kinaanza lini, kinaisha lini. Ripoti ikitakiwa, kompyuta inachukua tarehe ya mauzo na kutafuta imeangukia kipindi kipi. Kwa lile duka lingeonekana hivi:

Kalenda RASMI / 2015 / Robo ya Tatu / 1 Julai 2015 – 30 Septemba 2015
Kalenda RASMI / Mpito 2016 / Miezi sita / 1 Januari 2016 – 30 Juni 2016
Kalenda RASMI / 2016/17 / Robo ya Kwanza / 1 Julai 2016 – 30 Septemba 2016
Kalenda LINGANISHI / 2015/16 / Robo ya Kwanza / 1 Julai 2015 – 30 Septemba 2015

Umeona? Ankara ya Agosti 2015 iko kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho. Ukiuliza kwa kalenda RASMI unapata jibu lililo kwenye faili la mzee. Ukiuliza kwa LINGANISHI, unapata miaka ya nyuma imepangwa kana kwamba siku zote tulianza Julai, ili mbia aweze kulinganisha. Majibu mawili, hakuna anayeitwa mwizi. Sharti moja tu: kila ripoti iandikwe juu kabisa ni ya kalenda ipi, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama ripoti za mzee zingekuwa na tarehe hizo, angeona tatizo kabla hajafungua mdomo.

3. Kipindi cha mpito kipewe haki yake. Wale Wamarekani wa 1976 walikuwa sahihi. Usiandike programu inayodhani mwaka lazima uwe na miezi 12 na robo nne. Viwango vya kimataifa vya uhasibu navyo vinataka kampuni iliyobadilisha tarehe ya kufunga ieleze kipindi kimekuwa kirefu au kifupi kiasi gani, kwa sababu gani, na kwamba tarakimu hazilinganishiki moja kwa moja. Kwa hiyo jedwali lako lionyeshe idadi ya siku za kila kipindi, na ripoti iitoe. Mauzo ya miezi sita yakisimama kando ya ya miezi kumi na miwili bila maelezo, utaona biashara imekufa wakati inapumua.

4. Pasiwe na pengo wala mwingiliano. Ndani ya kalenda moja, kila siku iwe kwenye kipindi kimoja tu. Ukiacha siku moja bila kipindi, mauzo ya siku hiyo hayatokei kwenye ripoti yoyote. Zikiingiliana, yanahesabiwa mara mbili. Usitegemee macho. Hifadhidata nyingine, PostgreSQL ikiwemo, unaweza kuziamuru zikatae vipindi vinavyoingiliana. Pengo nalo litafutie kipimo: jumla ya mauzo yote kwa tarehe lazima iwe sawa na jumla ya vipindi vyote. Isipolingana, simama hapo hapo.

Na angalia saa pia. Kama ankara inahifadhiwa pamoja na saa, na mwisho wa kipindi umeandikwa "30 Juni" bila saa, kompyuta inaweza kudhani ni saa sita usiku inayoianza tarehe 30. Mauzo ya siku nzima yanaachwa nje. Njia salama ni kusema: kuanzia 1 Aprili, na kabla ya 1 Julai.

5. Jina la mwaka liandikwe, lisikokotolewe. Mwaka wa Julai 2016 hadi Juni 2017 wengine wanauita 2016/17, wengine 2017. Hakuna kanuni moja ya dunia. Usiiache programu ibuni. Liandike jina kwenye jedwali la vipindi jinsi ofisi inavyoliita.

6. Malengo na bajeti yaandikwe kwa mwezi, au kwa kipimo kidogo kuliko robo. Hili liliniumiza kuliko yote. Ankara zilikuwa na tarehe, kwa hiyo niliweza kuzipanga upya. Lakini malengo ya mauzo niliyahifadhi hivi tu: "Robo ya Tatu 2015, lengo milioni 400". Hakuna tarehe. Baada ya amri yangu hakuna aliyejua tena lengo lile lilikuwa la miezi ipi. Nikakaa siku mbili na faili la karatasi nikiandika moja moja. Robo unaweza kuijumlisha kutoka kwenye miezi, lakini miezi huwezi kuitoa kwenye robo.

7. Kilichofungwa kibaki kimefungwa. Ripoti ikishapelekwa kwa mkaguzi, benki au TRA, hifadhi nakala yake kama ilivyotoka, na siku iliyotoka. Kipindi kiwekewe alama ya kufungwa, asiweze mtu kuingiza ankara ya nyuma kimya kimya. Hapa kuna tarehe mbili za kutunza, siyo moja: tarehe jambo lilipotokea, na tarehe lilipoingizwa kwenye kompyuta. Ankara ya Machi ikiingizwa Mei, unataka kujua zote mbili. Vinginevyo siku ripoti mbili zikitofautiana hutajua kama kuna wizi, kosa au ucheleweshaji tu.

8. Wahasibu wana kipindi cha 13, waheshimu. Mkaguzi akimaliza kazi huleta marekebisho ya mwisho wa mwaka. Yanaandikwa tarehe ile ile ya siku ya mwisho, lakini hawataki yachanganyike na shughuli za kawaida za mwezi wa 12. Hapa kanuni ya "tarehe tu" inapungukiwa, kwa sababu tarehe peke yake haiwezi kutofautisha. Kwa hiyo kwenye maingizo ya lejaa weka alama moja ya ziada: hili ni la kawaida au ni la marekebisho. Mimi hili nilifundishwa na yule dada. Fundi anayejenga programu ya mahesabu bila kukaa na mhasibu anajidanganya.

LAKINI SI ITAKUWA POLEPOLE?

Najua mafundi wenzangu mtauliza. Kama kila ripoti inatafuta kipindi upya, si itachukua muda? Kwa duka la kawaida, hapana. Jedwali la vipindi lina mistari michache; miaka 20 ya miezi ni mistari 240 tu. Kwa kampuni kubwa kuna njia ya siku nyingi iliyoenezwa na Ralph Kimball, bingwa wa maghala ya data: unatengeneza jedwali la siku, kila siku mstari wake, na kando yake unaandika mwaka na robo kwa kila kalenda unayotumia. Miaka 50 ni kama mistari 18,263. Hiyo kwa kompyuta ya leo ni kidogo mno. Kalenda ikibadilika unaongeza safu mpya kwenye jedwali la siku, na mamilioni ya ankara huyagusi kabisa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mimi nilipoambiwa mwaka umebadilika niligusa kila ankara ya miaka minne. Nilitakiwa kuongeza mistari michache kwenye jedwali moja dogo, nichukue soda, niondoke.

NA WEWE MWENYE BIASHARA?

Huhitaji kujua kuandika programu. Muulize fundi wako maswali matatu tu. La kwanza: tukibadilisha mwaka wa fedha kesho, utagusa ankara za zamani? Akisema ndiyo, mwambie arudi akafikirie. La pili: ripoti niliyochapisha mwaka juzi, naweza kuichapisha leo ikatoka vile vile bila kupungua shilingi? La tatu: kuna nakala ya akiba ya jana, na umeshawahi kujaribu kuirudisha? Hili la mwisho ni la kila siku, siyo la kalenda tu. Mimi nilibonyeza ile amri bila kuweka nakala pembeni. Ningekuwa nayo, dada yule angekaa nyumbani siku moja badala ya wiki tatu.

Na la kwako wewe bosi: tarakimu mbili zikitofautiana, kabla hujamtafuta mwizi, uliza kwanza kama zinaongelea siku zile zile. Hesabu siku kwa vidole kama lazima. Mwizi yupo, sikatai, lakini kalenda nayo inaiba, na yenyewe haiwezi kusimamishwa kazi.

Naomba kuwasilisha. Wahasibu na mafundi mliokumbana na haya, ukumbi ni wenu, nikosoeni nilipoteleza.